Siri za Kweli Hazifanani na za Filamu

Swali la wiki la jarida hili lilikuwa: je, filamu na vipindi vya televisheni vya kubuni vya kisayansi vimetusaidia kuzitambua siri za serikali, au vimetupoteza? Jibu langu ni kwamba vimetupoteza. Sivilaumu kwa kutufundisha kuishuku serikali, kwani shaka hiyo ni halali kabisa. Navilaumu kwa kutuzoesha kutafuta siri ya aina moja tu, tena aina ambayo ni nadra kuwapo.

Chukua kisa cha Roswell, katika jimbo la New Mexico nchini Marekani, ambacho watunzi wengi wamekichota. Mwezi Julai 1947 kambi ya jeshi ya huko ilitangaza kwamba imepata kisahani kinachoruka, na muda si mrefu wakubwa wa jeshi wakakanusha, wakisema ni puto la hali ya hewa tu. Kauli hiyo ya pili nayo haikuwa kweli kamili. Ripoti ya Jeshi la Anga ya 1994 ilieleza kwamba mabaki yale yaelekea yalitokana na mradi wa siri ulioitwa Mogul, uliorusha misururu ya maputo yenye vinasa sauti ili kusikiliza majaribio ya nyuklia ya Wasovieti. Vilivyookotwa malishoni vilikuwa vipande vya mpira, karatasi zenye kung'aa, vijiti vyepesi vya mbao na utepe wa gundi uliokuwa na michoro ya maua; na michoro hiyo, miongo kadhaa baadaye, ikaja kusimuliwa kuwa maandishi ya viumbe wa sayari nyingine. Serikali ilificha kitu, na ilidanganya ili kukificha, kwa hiyo walioshuku walikuwa na haki ya kushuku. Kosa lilikuwa kudhani kwamba kilichofichwa hakina budi kuwa kimetoka nje ya dunia.

Kibaya zaidi ni kwamba imani hiyo iliwafaa watunza siri wenyewe. Ndege ya upelelezi ya U-2 ilianza kujaribiwa mwaka 1955 huko Groom Lake, Nevada, mahali ambapo leo hutajwa zaidi kwa hadithi za wageni kutoka angani. Iliruka juu ya futi 60,000, wakati ndege nyingi za abiria ziliruka kati ya futi 10,000 na 20,000, hivyo jioni, rubani wa abiria akiwa tayari gizani, mabawa ya U-2 yalikuwa bado yanapigwa na jua, naye akaona kitu kinachowaka mahali ambapo, kwa ujuzi wake wote, ndege haiwezi kufika. Historia ya ndani ya CIA, shirika la ujasusi la Marekani, iliyotolewa kwa umma mwaka 2013 inaeleza kwamba wachunguzi wa Jeshi la Anga walilinganisha barua zilizoleta taarifa kama hizo na kumbukumbu za safari za U-2 na kupata ufumbuzi wa nyingi, lakini hawakuweza kuwaambia walioziandika sababu halisi. Uvumi ukaachwa uendelee, na ndege ikabaki imejificha nyuma yake.

Sasa linganisha na siri iliyogharimu maisha. Kuanzia 1932 hadi 1972, Idara ya Afya ya Umma ya Marekani iliwafuatilia wanaume Weusi wapatao 600 huko Tuskegee, Alabama, 399 kati yao wakiwa na kaswende, bila kuwaeleza ugonjwa wao na bila kuwatibu, hata baada ya penisilini kukubalika kuwa tiba, jambo ambalo lilikuwa limekwisha kutimia mwaka ule ule wa Roswell. Hapakuwa na handaki wala walinzi wenye bunduki. Matokeo yalichapishwa katika majarida ya kitabibu, madaktari wakayasoma. Waliofichwa ukweli ni wagonjwa wenyewe. Peter Buxtun, mfanyakazi wa idara hiyo, alilalamika ndani ya ofisi kwa miaka kadhaa bila kusikilizwa, mpaka habari ilipofika kwa waandishi wa habari. Filamu ya kusisimua haiistahimili siri ya namna hii, kwa maana inahitaji adui mmoja, chumba kimoja na usiku mmoja wa kufichua yote.

Najua wapo wanaosema kwamba bila hadithi hizi umma ungelala. Sikubaliani nao, kwa sababu mtazamaji aliyezoea kusubiri ufichuzi mkubwa huziona karatasi za kweli kuwa zinachosha, ilhali ndizo zinazofumbua mambo. Mwaka 1973 mkurugenzi wa CIA, Richard Helms, aliagiza faili za MKUltra ziharibiwe; ulikuwa mradi ambao, pamoja na mengine, uliwapa watu dawa za kuvuruga akili bila wao kujua. Mwaka 1977, baada ya ombi kuwasilishwa chini ya sheria ya uhuru wa habari, zikapatikana nyaraka zipatazo 20,000 zilizonusurika kwa kuwa zilihifadhiwa pamoja na kumbukumbu za fedha, na ni hizo zilizowawezesha maseneta kuwahoji wahusika mwezi Agosti mwaka huo.