Swali la lugha: Kufunga habu au kuloki habu?

SWALI: Msomaji wetu wa Mafinga, mkoani Iringa, anaandika: "Nina Toyota Land Cruiser kuukuu ya mwaka 1986. Fundi wangu ameniagiza ninunue 'habu za kufunga kwa mkono', yaani zile sehemu za katikati ya gurudumu, kwa ajili ya magurudumu ya mbele. Nilipompigia simu muuzaji wa vipuri wa Mbeya na kumtajia maneno hayohayo, alinijibu kwamba habu zote hufungwa kwa mkono, mkono ukishika spana. Je, kosa ni la Kiswahili changu, cha fundi, au cha muuzaji? Na neno sahihi ni lipi?"

JIBU: Ndugu yetu wa Mafinga, hakuna aliyekosea, na hapo ndipo ugumu ulipo. Fundi na muuzaji wametumia kitenzi kimoja, kila mmoja akiwa na maana yake, na maana zote mbili zimo katika lugha kwa haki kabisa.

Kitenzi "funga" kina kazi nyingi: tunafunga mlango, tunafunga safari, tunafunga ndoa, tunafunga bao. Katika gereji, hata hivyo, maana inayotangulia kichwani mwa mtu ni kukipachika kifaa mahali pake na kukikaza. Fundi akisema amefunga injini, hatumwelewi kwamba ameizuia isifanye kazi, bali kwamba ameirudisha kwenye gari. Na akisema ameifungua, tunajua vipande vyake vimetandazwa juu ya turubai. Kwa hiyo "habu za kufunga kwa mkono", kwa sikio la mtu wa dukani, ni habu ambazo mtu huzipachika kwa mikono yake, jambo ambalo ni kweli kwa kila habu iliyowahi kuuzwa. Fundi wako alikusudia kingine: habu ambazo dereva huzizungusha kwa mkono ili gurudumu lishikane na ekseli, ule mhimili unaolizungusha.

Upo mkanganyiko wa pili, ambao naona ni mbaya zaidi. Mtu asiyeijua mitambo hii akisikia kwamba habu "imefungwa", atadhani gurudumu haliwezi kuzunguka. Ukweli ni tofauti. Kisahani cha katikati ya gurudumu kikielekezwa kwenye neno FREE, gurudumu huzunguka peke yake juu ya beringi zake, huku ekseli, difu (kifaa kinachogawa mzunguko kati ya gurudumu la kushoto na la kulia) na propela ya mbele (mhimili mrefu unaoleta mzunguko kwenye difu) zikiwa zimetulia. Kikielekezwa kwenye LOCK, meno yaliyo ndani hushikana na meno ya ekseli, na kuanzia hapo gurudumu na ekseli huenda pamoja. Hakuna kilichozuiwa, kuna vitu viwili vilivyounganishwa. Kama ningeandika kitabu cha kiada ningetumia "kuunganisha" na "kutenganisha", kwa kuwa ndivyo vitenzi vinavyosema kinachotokea. Lakini sijapata kumsikia dereva aliyezama katika tope la Makete akimwambia utingo wake ashuke akaunganishe.

Anachosema ni "kaloki". Baadhi ya wasomaji watanikemea, ila mimi nakipokea kitenzi "loki" bila kinyongo. Kimetoholewa kama vilivyotoholewa "breki", "gia" na "klachi", na tayari kina makao mengine, kwa kuwa hata simu siku hizi huloki. Sarufi yake nayo haina shida: kinaishia na irabu i kama "rudi", "fikiri" na "badili", kwa hiyo katika ukanusho hakibadiliki. Tunasema "habu haijaloki", si "haijaloka". Kikitendwa huwa "imelokiwa". Kuna wanaopendekeza "kukomea", kutokana na komeo la mlango, na ni neno zuri, lenye asili ya kwetu. Tatizo ni kwamba "kukomea" ni pia kuishia mahali, na taarifa kwamba gari lilikomea Matamba inaweza kumtia mwenye gari wasiwasi usio wa lazima.

Kwa upande wa kurudisha kisahani kwenye FREE, epuka "kufungua habu", kwa sababu fundi atachukua spana. "Kuachia habu" inatosha.

Sasa jina lenyewe. "Kitovu cha gurudumu" ni Kiswahili fasaha na kinafaa darasani, lakini hata ukilitumia dukani halitakusaidia, kwa kuwa kitovu ni kile kipande kizima kinachobeba beringi na ambacho gurudumu hukazwa juu yake. Wewe hukihitaji hicho. Unahitaji kifaa kidogo kinachokaa mbele yake, kinachoonekana katikati ya rimu. Gereji nyingi huviita vyote viwili "habu", na ndiyo maana wapo watu waliolipia kipande kikubwa wakati walitaka kidogo. Napendekeza kifaa hicho kiitwe "loki ya habu". Hapo "kufunga loki za habu" itakuwa kazi ya fundi, na "kuloki habu" itakuwa kazi ya dereva.

Kuhusu "ya mkono", usiwe na shaka. Ni kweli kwamba "saa ya mkono" ni saa inayovaliwa mkononi, lakini "breki ya mkono" ni breki inayoendeshwa kwa mkono, na "loki ya mkono" inafuata mfano huo. Kinyume chake ni loki inayofanya kazi yenyewe pale dereva anapovuta gia ya magurudumu manne. Hapa kirejeshi -ji- kinatuokoa, kwa kuwa "loki zinazojiloki" husema kila kitu kwa neno moja. Ingawa hukuuliza, nitaongeza kwamba fundi amekushauri vizuri. Baadhi ya loki zinazojiloki za magari ya zamani huachia gari linaporudi nyuma, na si jambo la kupendeza mtu anapojaribu kujinasua kutoka kwenye mtaro wa shamba la chai Mufindi, au anapolirudisha gari kidogo ili lipate kukunja mojawapo ya zile kona 57 za barabara ya mlimani ya kutoka Chimala kwenda Matamba. Loki ya mkono hubaki pale ulipoiweka. Gharama yake ni kushuka kwenye mvua.

Tofautisha pia "kuloki habu" na "kuweka fowili", yaani kuweka gia ya magurudumu manne, kwa kuwa watu huyatumia maneno haya kana kwamba ni jambo moja. Ukiloki habu huku gia ndogo, ile ya kuchagua magurudumu mawili au manne, ikiwa bado kwenye magurudumu mawili, vyuma vya mbele vitazunguka bure tu, na gari linaweza kupita hivyo kwenye lami ya Makambako bila madhara. Ukiweka fowili huku habu zikiwa zimeloki, ukaendelea juu ya lami kavu, mitambo hujikaza kila unapokata kona, kwa kuwa magurudumu ya mbele na ya nyuma hayaendi umbali sawa. Na kwa magari ambayo magurudumu yote manne huvuta wakati wote, loki hizi si za kununua kiholela: habu zikiachiwa huku difu ya katikati, ile inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, haijalokiwa, nguvu yote hupotelea mbele na gari halisogei.

Lipo jambo moja la ngeli ambalo halikuulizwa. "Habu" na "loki" ni nomino za ngeli ya I-ZI, ambazo umbo lake halibadiliki katika wingi. Dereva akiuliza "Umeloki habu?" na utingo akajibu "Ndiyo", hakuna aliyejua kama ni moja au mbili. Niliwahi kukaa karibu saa nzima kwenye utelezi wa Kilolo kwa sababu ya jibu la namna hiyo. Habu ya kushoto ilikuwa imelokiwa, ya kulia bado, na difu ya kawaida hupeleka mzunguko kule kusiko na upinzani, kwa hiyo magurudumu ya mbele hayakuvuta hata kidogo. Tangu siku hiyo mimi husema "habu zote mbili", hata pale sarufi isiponidai.

Basi, mwandikie muuzaji hivi: "Naomba loki mbili za habu za mbele, za kuzungusha kwa mkono, za Land Cruiser ya mwaka 1986." Kabla ya kutuma, mwombe fundi akuhesabie meno ya ncha ya ekseli na matundu ya boliti, uongeze namba hizo, kwa sababu loki isiyolingana meno na ekseli haitaingia hata ikiitwa kwa jina lililo sahihi.