Ikama haiingii lindo

Juzi nilimpigia simu koplo mmoja mpya, mtoto wa nyumbani, wazazi wake watu wa Kigoma. Nikamuuliza kombania yao ina watu wangapi. Akanijibu haraka, kama mtu anayetaja namba yake ya jeshi: akataja idadi ileile iliyoandikwa kwenye karatasi ya ikama, yaani watu wanaotakiwa kuwepo, siyo waliopo. Nikamuuliza tena, kesho saa mbili asubuhi ukipiga filimbi, watapanga mstari wangapi? Kimya. Halafu nikasikia ananong'ona majina, anahesabu.

Hayo ndiyo yaliyoniketisha niandike. Waswahili katika jeshi la Ireland tunaweza kuenea kwenye gari moja la doria, na mwaka huu wanne kati yenu mmevalishwa tepe mbili na kukabidhiwa daftari la zamu. Nawapenda, ila nimechoka kuona mkijikwaa kwenye jiwe lilelile lililoning'oa kucha mimi. Someni hata kama mko lindo. Najua mnasoma simu mkiwa lindo.

1. Hesabu upya. Kwa miaka mingi ikama ya jeshi zima, nchi kavu, anga na maji, ilikuwa 9,500. Watu wenyewe hawakufika hapo, na kufikia 2023 tulikuwa kama 7,500. Usidhani hao elfu mbili wanakosekana mahali pamoja, kwamba kuna kambi tupu ambayo ukifungua utakuta popo. Pengo limesambaa kama chumvi: huku fundi wa redio, kule mpishi, pale sajini wawili ambao kazi yao inafanywa na sajini wa tatu. Brigedi zilipopunguzwa kutoka tatu hadi mbili mwaka 2012, kwenye mchoro mambo yalipendeza sana, visanduku vikapungua. Kazi hazikupungua. Kisha katika hao waliopo mtoe aliyeko Lebanon na walinda amani wa Umoja wa Mataifa, aliyeko kozi, mwenye ED, cheti cha daktari cha kumpumzisha kazi, aliye likizo ya uzazi, na yule aliyeazimwa makao makuu "kwa wiki mbili" tangu mwaka juzi. Wanaobaki ndio kombania yako.

2. Asiyelalamika usimfanye kiraka. Hapa nitakaa kidogo.

Mwaka 2022 nilikuwa koplo karani, na orodha ya lindo nilikuwa napanga mimi. Sajini wa kombania alikuwa anasaini tu. Kambi siitaji. Kosa lilikuwa la mkono wangu na kambi haihusiki. Nilikuwa na sifa moja niliyojivunia mpaka kwenye mesi: orodha yangu haikuwahi kuwa na nafasi tupu. Makarani wengine walihangaika Ijumaa jioni na simu sikioni, mimi nimekaa na chai yangu.

Siri ya chai ile alikuwa kijana mmoja wa magharibi, mpole, mwembamba, dereva wa Mowag, lile gari la deraya. Alikuwa analala kambini kwa sababu kodi za Dublin mnazijua wenyewe. Mtu akipiga simu saa kumi jioni kusema tumbo linamsumbua, mimi napanda ngazi, napiga hodi chumba cha mwisho. Alikuwa anafungua, ananitazama, na kabla sijasema neno anainama kutafuta buti zake. Basi. Saa ishirini na nne getini, na kesho yake yuko karakana kama kawaida, maana karakana nayo ilikuwa na watu nusu.

Nilikuwa na wengine wa kuwapigia. Wawili hasa, majina yao nayakumbuka vizuri. Mmoja alikuwa anajua kila kifungu cha kanuni, na ukimpigia Ijumaa anakusomea. Mwingine anapiga kelele mpaka unaweka simu mbali na sikio. Niliwaogopa. Sikukubali hivyo wakati ule, nilisema "hawa ni wagumu, sina muda nao". Kwa hiyo mwenye mdomo akapumzika, mwenye adabu akakesha. Siku moja niliketi nikapitia daftari la miezi mitatu na kukuta jina lake limejirudia mara mbili ya mtu mwingine yeyote. Unajua nilifanya nini? Nilifunga daftari nikaenda kula.

Dada yake alikuwa anaolewa Jumamosi moja ya Oktoba. Aliomba ruhusa wiki sita kabla, kwa maandishi, karatasi safi, akaiweka kwenye trei yangu. Juu yake zikaja fomu za kozi, juu ya fomu zikaja hati za usafiri, juu ya hati nikaweka kikombe. Orodha ya wikendi ile ilipotoka, jina lake lilikuwa palepale lilipozoea kukaa. Alikuja ofisini mara moja tu. Akasimama mlangoni, akaniuliza kama kuna namna. Nikamwambia, bila kuinua macho, "Hakuna mtu mwingine." Akasema sawa.

Dada akaolewa upande wa pili wa nchi, kaka mtu yuko getini Dublin anaandika namba za magari.

Jumatatu hakusema kitu. Wiki tatu baadaye nilikuta karatasi nyingine kwenye trei, safari hii juu kabisa: ombi la kulipia kutoka jeshini. Mnajua kwetu mtu anaweza kununua uhuru wake, na bei yenyewe siyo ya kumfilisi mtu. Nikamfuata karakana. Amepata kazi kwenye kiwanda cha vifaa vya tiba, zamu zinajulikana mwezi mzima kabla, Jumapili ni Jumapili. Nikamuuliza, kwa ukali kidogo, nadhani kwa aibu, kwa nini hukuniambia kwamba mambo yamekufika hapo?

Akasema, "Nilikuandikia."

Nilirudi ofisini nikachimba trei. Karatasi ilikuwepo, ina duara la kikombe.

Sasa tazameni mwaka wenyewe. Februari 2022 Tume ya Majeshi ilitoa ripoti yake, ikaweka mezani ngazi tatu: tubaki tulipo, tupande kidogo, au tupande mpaka juu. Julai serikali ikachagua ile ya kati: bajeti ipande kutoka euro bilioni 1.1 hadi bilioni 1.5 ifikapo 2028, na watu wafike 11,500. Magazeti yalikuwa yanajumlisha elfu mbili. Mimi karani, na kikombe changu, nilikuwa natoa mmoja. Na yule mmoja hakuwa kichwa tu: mafunzo yake ya udereva yaliondoka naye, na kuruta aliyekuja baadaye alijaza nafasi yake kwenye karatasi tu. Mowag ilisubiri mpaka mtu mwingine apelekwe kozi, na huyo mwingine akaacha pengo alikotoka.

Wakubwa watawaeleza kwamba watu wanaacha jeshi kwa sababu ya mishahara, na hawadanganyi, viwanda na kampuni za kompyuta hapa zinavuta. Lakini kuna mishahara ambayo mtu angeivumilia kama angekwenda harusi ya dada yake.

3. Ombi la ruhusa lisome siku linapofika, lijibu kwa maandishi hata kama jibu ni hapana.

4. Orodha itoke Alhamisi, siyo Ijumaa.

5. Waliokufokea wapangie lindo. Watakufokea tena. Hutakufa.

6. Msihesabu vyuma. Wajomba kwenye harusi wanapenda kuniuliza, "Nyie mna meli ngapi?" Zamani nilikuwa najibu kwa raha: tisa. Julai 2022 zikastaafishwa tatu kwa mpigo, Eithne, Orla na Ciara, na Eithne ndiyo iliyokuwa fahari ya kundi. Januari 2023 ikatangazwa kwamba mbili nyingine, Róisín na Niamh, zinafungwa gatini. Hizo hazikuwa zimeharibika, zilikosa mabaharia. Mei mwaka huohuo zikaja mbili ndogo zilizotumika New Zealand, ambazo sasa zinaitwa Aoibhinn na Gobnait, na sababu mojawapo ya kuzipenda ni kwamba zinahitaji watu wachache. Rafiki yangu wa Haulbowline, kambi ya wanamaji kule Cork, anasema siku hizi ukitaka kujua kama meli itatoka, usiulize injini ina hali gani, uliza fundi wa injini kaamka na hali gani.

Na bahari ya kulinda haijapungua hata kidogo. Eneo la bahari la Ireland ni kama kilomita za mraba 880,000, pungufu kidogo ya Tanzania nzima, na chini yake kumelazwa nyaya za mawasiliano kati ya Ulaya na Marekani. Januari 2022 Warusi walitangaza luteka, mazoezi ya kivita, ya wanamaji humo humo, kusini magharibi. Waliotunisha misuli walikuwa wavuvi wa Cork: wakasema sisi tutakwenda kuvua palepale. Luteka ikahamishwa nje ya eneo. Tulicheka wiki nzima mesini. Kicheko changu kiliisha usiku mmoja nikiwa zamu, nilipokumbuka kwamba nchi hii haina hata rada ya kijeshi ya kuona ndege iliyozima mitambo yake ya kujitambulisha, wala ndege ya kivita ya kwenda kuitazama. Mfumo wa rada umepangwa ukamilike ifikapo 2028. Mimi swali langu ni lilelile la trei: nani atakaa mbele ya kioo chake saa tisa usiku, na nani atampokea asubuhi?

7. Ireland kutofungamana na upande wowote siyo kulala. Nimeona mmoja wenu anabishana mtandaoni, na picha yake ina sare, kuhusu "kufuli tatu". Ondoa picha hiyo leo. Ukitaka kubisha, walau bisha sahihi: kupeleka askari zaidi ya 12 kwenye operesheni nje kunahitaji idhini ya Umoja wa Mataifa, uamuzi wa serikali na kura ya bunge, na Machi 2025 serikali ilipitisha mapendekezo ya kuondoa kufuli ya kwanza na kupandisha hiyo 12 kuwa 50. Wanasiasa waachie wanasiasa. Na mtu akikuuliza kwa nini nembo ya kofia yako ina herufi FF kama chama kile cha siasa, mwambie "Fianna Fáil" ilikuwa jina la askari kabla chama hakijazaliwa, halafu badilisha mazungumzo.

Hizo operesheni za nje zinanikumbusha askari mstaafu mmoja. Kwenye gwaride moja la kumbukumbu mzee huyo alisoma jina langu kifuani, akanitazama, akasema taratibu, "Jambo. Maji iko?" Nilitaka kuangua kilio. Kiswahili cha Katanga, kusini mwa Kongo, kimekaa mdomoni kwa mzee wa Kiairishi zaidi ya miaka hamsini. Alikuwa Kongo mwaka 1960 na kikosi cha Umoja wa Mataifa, kijana mdogo, na sare ya sufu nzito kama blanketi, maana ndiyo waliyopewa kwenda nayo kwenye jua lile. Novemba ile tisa wao waliuawa kwa kuviziwa pale Niemba. Akaniambia hayo ndiyo maneno aliyoyatumia kuliko yote, na kwamba enzi zao watu walikuwa wanalilia kwenda, wanahonga karani bia ili majina yao yaingie.

Sikumwambia kwamba mimi ndiye karani, na hakuna aliyewahi kuninunulia bia. Orodha ya mwisho niliyopanga ya Lebanon, fundi mmoja wa redio nilimtafuta wiki mbili. Nchi hii inajivunia kwamba tangu 1958 haijapita siku bila askari wake kuwa chini ya bendera ya bluu ya Umoja wa Mataifa mahali fulani duniani, na ni kweli. Lakini 2024 tuliondoa kombania yetu ya ulinzi wa amani Golan, kule Syria, kwa kuwa watu wasingetosha huko na papo hapo kwenye kikosi cha zamu cha Umoja wa Ulaya.

8. Mageuzi msiyacheke yote. Umri wa kujiunga umepandishwa hadi 39 na wa kustaafu hadi 62, kwa hiyo utapata kuruta mwenye watoto wakubwa kuliko wewe. Msalimie vizuri kisha mkimbize kama wengine. Ile ripoti ya Machi 2023 kuhusu uonevu na udhalilishaji isomeni yote, msiishie kwenye muhtasari. Wanawake ni kama saba tu katika kila mia yetu, na binti akiomba kubadilishiwa lindo, usimhoji mbele ya watu. Badilisha kwanza, uliza baadaye, mlango ukiwa wazi.

9. Jiandikisheni PDFORRA, chama cha kututetea sisi tusio maofisa, wiki hii, na ulizeni mko kwenye mpango upi wa pensheni, maana wa kuanzia 2013 siyo ule wa wazee mesini.

Baada ya simu ile nilimwambia koplo wa Kigoma anitumie orodha yake ya mwezi. Imefika jana usiku, safi, haina nafasi hata moja tupu. Jina moja liko mara sita. Nimelizungushia duara jekundu nikamrudishia. Akaandika, "Kaka, huyo hana shida, hajawahi kukataa."

Nimempigia. Hapokei, yuko lindo.