Waya wa nyumba usiupeleke botini

Jinja, Jumapili jioni

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeupata. Unauliza kama ule waya wa milimita 6 za mraba uliobaki mlipojenga utatosha kwa winchi ya nanga kwenye boti lako la hapo Entebbe, na kama breka, ile swichi inayokata umeme ukizidi, uifunge mbele, karibu na winchi. Yote mawili, hapana.

Winchi yako ni ya wati 700, betri volti 12. Gawanya: karibu ampea 60, na hapo nanga haijakwama. Ikinasa kwenye jiwe zinapanda mara kadhaa. Betri iko nyuma, kwa hiyo ni mita 8 kwenda, na mita 8 za kurudi ambazo mafundi wengi huzisahau. Kwa waya wako huo, karibu volti 3 zitaishia njiani. Winchi itaguna tu, na waya utachemka. Tafuta wa milimita 35 za mraba, wenye nyuzi nyembamba za shaba iliyopakwa bati. Huo hautapoteza hata nusu volti. Ni ghali, najua. Mama yako anataka kuchangia, ila mimi sijakwambia.

Breka kazi yake ni kulinda waya, kwa hiyo inakaa pale waya unapoanzia: kwenye betri. Zamani, Ggaba, niliitwa kwenye boti la mtu aliyeiweka mbele kama unavyotaka wewe. Nyaya zilikuwa zimesagika kwenye ukingo wa chuma mpaka zikagusana. Breka ikatulia tuli, maana umeme haukuwa ukipita kwake. Tuliinua ubao wa sakafu tukakuta plastiki inadondoka kama nta, hatua mbili kutoka tangi la petroli. Nilifungua nati ya betri kwa spana huku vidole vinababuka.

Usichukue breka ya ukutani pia. Umeme wa nyumbani hupita sifuri mara 100 kila sekunde, ndipo cheche ya ndani ya breka inapofia. Wa betri haupumziki. Sema dukani ni ya betri, na ukubwa ufuate kitabu cha winchi.

Kitufe cha mguuni kitumie waya mwembamba kuamrisha rilei, yaani swichi nzito inayowashwa kwa umeme mdogo. Ampea 60 zisipite hapo.

Unapong'oa nanga, injini iwe inanguruma, na boti lisogezwe kwa injini, winchi ikusanye kamba tu. Ukishatia nanga, kamba ifungwe kwenye kigingi.

Jumamosi nakuja na mita yangu ya kupimia umeme. Usiwashe kabla sijafika.

Baba yako