Fundi wa Mwanga Ajibu: Bujagali Juu ya Mutuba

SWALI: Shikamoo Fundi. Nafundisha uchoraji Walukuba, Jinja. Wanafunzi wangu hawakuyaona maporomoko ya Bujagali, kwenye mto Nile. Maji ya bwawa yaliyafunika mwaka 2011. Nataka kuyamwaga tena usiku, juu ya mti wa mutuba ulio uani kwetu na ukuta wa nyuma yake, kwa projekta ya kuazima ya lumeni 3,000 (kipimo cha mwanga). Nimejaribu: picha imefifia, tena kisanduku cha kijivu kinauzunguka mti. Nikodi projekta kubwa?
Mwalimu, Walukuba

JIBU: Marahaba, mwalimu. Pesa yako itunze. Achana na ukuta. Tuseme picha yako ni mita 10 kwa 6: hizo ni mita za mraba 60, kwa hiyo kila moja inaambulia lumeni 50. Taa ya barabarani tu inazimeza. Isogeze projekta mpaka picha iwe mita 4 kwa 3, na kila mita itapata 250. Majani nayo yaache, yanakunywa mwanga bure. Shina la mutuba ni la kijivu, linaupokea vizuri, ila kama limebanduliwa gome la kutengenezea lubugo, yaani nguo ya gome, na kufungwa majani ya mgomba, tafuta mti mwingine.

Kisanduku kinatokana na hili: projekta haina weusi. Hata ukiiambia nyeusi, mwanga kidogo unavuja. Kata tundu refu kwenye kipande cha boksi, kisimamishe mbele ya lenzi ili mwanga upite kuelekea shina tu, usizibe matundu ya hewa.

Sasa kuchora. Funga projekta isitikisike, weka alama za chokaa penye miguu ya stendi. Fungua programu yoyote ya kuchorea, ukurasa mweusi, brashi nyeupe. Macho yako yawe mtini, si kwenye kompyuta, na kipanya kifuate ukingo wa shina hadi kwenye mizizi. Umbo hilo ndilo njia ya maji. Nje yake pawe peusi tititi. Wengi hupakua vipepeo vya intaneti na kuvitupa popote, mimi naona hiyo ni sinema iliyokosa pazia.

Maji yapige video mwenyewe, kule kwenye maporomoko ya Itanda, simu ikiwa imetulia, povu jeupe likipita juu ya mwamba mweusi. Punguza kasi. Watoto waambie ukweli kwamba ni Itanda. Bujagali iwe kwenye sauti: mrekodi mzee aliyekuwa akivua pale.

Giza halikawii kwetu. Saa moja na nusu jioni anza. Na ujihadhari na wadudu wa ziwani. Entebbe, kwenye arusi moja, walijaa kwenye mwanga wangu mpaka feni ikawavuta ndani na projekta ikazima yenyewe, bibi arusi yuko katikati ya dansi. Tangu siku hiyo nawatundikia taa nyeupe yao peke yao, hatua thelathini pembeni, na chujio nalisafisha kila usiku kwa brashi ya rangi.