Nia yangu ilikuwa njema, ila pesa haikuwa yangu

Kwa miaka minne nilikuwa mweka hazina wa jumuiya yetu ndogo ndogo ya Kikatoliki. Kazi yenyewe haina makuu: daftari la jalada gumu, kalamu, na michango ya Jumamosi asubuhi baada ya sala, elfu moja moja, mia tano tano. Nyumbani pesa niliiweka kwenye kopo la maziwa ya unga juu ya kabati la vyombo, ikifika nyingi naipeleka benki. Siku ninayoisimulia, kopo lilikuwa na shilingi 280,000.

Mimi ni fundi cherehani, nina fremu na vijana wawili wanaonisaidia kushona. Mwenye fremu alitaka kodi ya miezi sita kwa mpigo, la sivyo anaweka kufuli. Nikapungukiwa. Nikalishusha kopo. Sikujiona mwizi hata kidogo. Nilijiambia nakopa tu, wateja wa sare wakilipa narudisha, na vijana wangu hawatakosa kazi. Nilisali hata Salamu Maria moja kabla ya kufungua kifuniko, na leo nikikumbuka nacheka peke yangu.

Wiki ya pili mwanajumuiya mwenzetu akafiwa na mumewe. Jumanne jioni mwenyekiti akanipigia: "Mama, lete ile ya rambirambi, tunaingia msibani saa 12." Nikamjibu kwamba hela iko kwenye simu na mtandao unasumbua. Usiku nikakimbilia kikoba, nikakopa kwa riba, asubuhi pesa ikafika msibani kamili. Daftari likawa safi. Nikadhani yameisha.

Kumbe watu walishaanza kunong'ona, na aliyenong'onwa si mimi. Alikuwa katibu, kwa kuwa mwezi uleule alinunua pikipiki. Nilisikia kwa masikio yangu, tumekaa na sufuria katikati tukimenya ndizi za msibani. "Sasa tunajua pikipiki imetoka wapi." Nikainamisha kichwa, nikaendelea kumenya.

Nilipokwenda kuungama Kwaresima ile, nilianza mbali: kodi, vijana, bei ya vitambaa. Padre akanikatiza kwa upole. "Mama, kwanza niambie ulifanya nini. Kwa nini, utaniambia baadaye."

Hapo ndipo nilipoelewa jambo nililolisikia tangu mafundisho ya Kipaimara bila kulishika. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, kitabu cha mafundisho ya imani kilichotolewa mwaka 1992, inafundisha kwamba tendo la mtu linapimwa kwa mambo matatu: kitu chenyewe kinachotendwa, nia ya mtendaji, na mazingira. Yote matatu yawe mema ndipo tendo liwe jema. Ni kama pilau: mchele safi, nyama nzuri, viungo vimekaa, halafu kijiko kimoja tu cha mafuta ya taa kikaingia. Nia mbaya inaweza kuharibu tendo jema, kama anayetoa sadaka ili aonekane. Lakini nia njema haiwezi kuligeuza tendo baya likawa jema. Mazingira huongeza au hupunguza lawama, na yangu yaliongeza, maana ile ilikuwa amana ya watu, wengine ni wajane wanaouza mchicha.

Nilijitetea, sitaficha. Kwenye semina moja nilisikia kwamba Mtakatifu Thomas wa Akwino, mwanateolojia wa karne ya 13, aliandika kuwa mtu aliye katika hitaji kubwa la dharura, asiye na njia nyingine, akichukua cha kumwokoa si mwizi, kwa sababu mali ya dunia Mungu aliiweka kwa ajili ya wote. Nikaileta hoja hiyo. Kimya kidogo, kisha padre akauliza, "Jumuiya yenu ina watu wangapi?" Thelathini na moja. "Uliomba msaada kwa wangapi?"

Sikuomba kwa hata mmoja. Niliona aibu, mweka hazina kukosa kodi. Kwa hiyo njia nyingine ilikuwepo, ila ilipita kwenye kiburi changu.

Kuhusu dhamiri nina neno, kwa sababu nasikia watu wengi wakisema "dhamiri yangu hainisuti" kama vile wameonyesha risiti. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, mwaka 1965 uliiita dhamiri patakatifu ambapo mtu yuko peke yake na Mungu, na Kanisa linafundisha kwamba dhamiri yenye hakika lazima ifuatwe. Lakini mafundisho hayohayo yanasema dhamiri inaweza kukosea, na wakati mwingine kosa ni letu kwa sababu hatukujali kuutafuta ukweli. Yangu hata haikukosea. Ilisema, mimi nikaongea kwa sauti kubwa kuliko yenyewe. Dalili ilikuwa wazi: nilisubiri watoto walale ndipo nikapanda kwenye stuli. Siku hizi nikiona nasubiri watu walale ili nifanye jambo, naliacha mpaka asubuhi.

Upande wa pili nao upo, wa wanaoona dhambi hata kwenye kikombe cha chai. Mtakatifu Alfonsi Liguori, msimamizi wa waungamishi na wataalamu wa teolojia ya maadili, mwenyewe aliteswa na wasiwasi wa namna hiyo. Ukiwa wa kundi hilo, tafuta muungamishi mmoja, mtii, acha kujipekua.

Mimi sikuwa wa kundi hilo. Niliuliza kama naweza kutoa sadaka nono yaishe. Padre akasema hapana: pesa imesharudi kwa wenyewe, iliyobaki ni deni la jina jema la katibu, na deni hulipwa kwa mwenye kudai. Kila Jumapili tunaungama kwamba tumekosa kwa mawazo, kwa maneno, kwa vitendo na kwa kutotimiza wajibu. Ndizi zile nilizomenya kimya ziko hapo mwishoni. Padre hangeweza kunisemea, siri ya kitubio inamfunga. Wala hakunilazimisha kujianika. Alisema tu katibu lazima atoke midomoni mwa watu.

Wiki tatu nilitafuta namna ya kumtoa bila kuingia mimi. Nikaanza kumsifu ovyo, "katibu wetu jamani mwaminifu sana," watu wakanitazama wakizidi kushuku. Nakushauri usipoteze wiki tatu kama mimi.

Jumamosi ya nne, baada ya matangazo, nikasimama na daftari mkononi. Nikasema siku ya msiba pesa haikuchelewa kwa mtandao. Niliitumia mimi, nikadanganya, na katibu hakuigusa. Sentensi tatu. Magoti yalikuwa yanacheza chini ya kitenge.

Katibu hakusema kitu. Alichukua daftari, akalifungua ukurasa wa mwezi ule, akausoma taratibu mpaka chini, akalifunga na kulipitisha kwa mwenyekiti. Nikaomba kujiuzulu. Ndani ya moyo nilitegemea angalau mmoja aseme, "Hapana mama, endelea." Walikubali palepale, na mjane wa ule msiba ndiye aliyeinua mkono wa kwanza.

Jioni akaja fremuni na kitambaa cha sare ya jumuiya, akataka nimpime.