Nesi wa kusimamia kesi: hospitali, bima au majumbani?

Dada, umeuliza baada ya miaka sita wodini ukasimamie kesi (yaani kupanga na kufuatilia huduma za mgonjwa mmoja mmoja) hospitalini, kwenye bima au kwa wagonjwa wa majumbani, mi nakwambia angalia kwanza unapenda kukaa na mgonjwa muda gani. Hospitalini ni mbio, mgonjwa kalazwa leo na leo hiyohiyo unaanza kupanga ataruhusiwa lini, nyumbani nani atamhudumia, oksijeni itatoka wapi, huku kitanda kinasubiriwa. Bima ni simu na kompyuta kutwa, unasoma faili unalinganisha na vigezo kama matibabu yanastahili kulipiwa, masaa yanaeleweka na miguu inapumzika ila kumwambia ndugu wa mgonjwa kwamba ombi limekataliwa, aisee inauma sana. Majumbani ndo napapenda zaidi, manake ukifungua mfuko wa dawa wa bibi unakuta vidonge vya presha vilevile kwenye paketi mbili zenye majina tofauti na vyote anameza, hicho kitu kwenye faili hukioni. Ila huko maamuzi mengi unafanya peke yako. Kwa hiyo anzia hospitalini kama mwaka hivi, uzoee kuongea na madaktari, familia na watu wa bima, afu ndo uhame.