Kutu miguuni mwa nguzo: stesheni ya Quincy na tenki la Tanga

SWALI: Mhandisi, shikamoo. Naishi Chicago, na kila asubuhi napanda treni stesheni ya Quincy, ile iliyo juu ya Mtaa wa Wells. Nguzo zake zimepakwa rangi, lakini pale zinapogusana na barabara naona kutu. Nikakumbuka mnara wa chuma wa tenki letu la maji nyumbani Tanga, lita 5,000, si mbali na bahari. Nao umeshika kutu miguuni. Fundi anasema atakwangua kidogo, apake dawa ya kutu na rangi ya fedha, kisha amwage zege kuzunguka miguu ili ikae imara. Kazi ya siku moja. Nimemwambia mdogo wangu akubali, maana kama stesheni ya 1897 imesimama mpaka leo kwa rangi tu, tenki litashindwaje?

JIBU: Marahaba. Mpigie mdogo wako leo hii asimamishe kazi, hasa hiyo ya zege.

Maneno "imesimama kwa rangi tu" ndiyo yanayoangusha minara, na nayasikia karibu kila wiki. Rangi haijawahi kubeba mzigo. Quincy ilifunguliwa tarehe 3 Oktoba 1897, mtaa huo ukiitwa bado Fifth Avenue, wakati tajiri Charles Yerkes alipokuwa akiunganisha reli za juu za kampuni mbalimbali ziwe mzunguko mmoja katikati ya mji. Ilikarabatiwa kwa kina kati ya 1985 na 1988, na lifti zikaongezwa 2018. Muundo wa umri huo haudumu bila watu kuukagua, kupima chuma kilichobaki na kubadilisha vipande vilivyoliwa. Rangi huja mwisho kabisa wa kazi hiyo.

Kesho ukifika, simama chini uangalie juu kabla hujapanda ngazi. Stesheni ina njia mbili za reli katikati na majukwaa mawili pembeni: la magharibi ni la treni za Brown Line zinazoshuka kusini, la mashariki ni la treni za Orange, Pink na Purple zinazopanda kaskazini. Mpangilio huo unaziacha reli zinyooke juu ya mtaa bila kutanuliwa kupisha jukwaa la kati, lakini maana yake ni kwamba uzito wa majukwaa, mapaa na abiria unaangukia nje ya reli, kando kabisa. Nguzo za stesheni hubeba treni na vyote hivyo. Treni yenyewe inaweza kuwa na mabehewa 8, kila moja lina urefu wa takriban mita 14.6.

Sasa fuata maji. Mataruma ni ya mbao na yamelala moja kwa moja juu ya mihimili ya chuma, hakuna sakafu ya zege chini yake. Mvua ikinyesha, maji yanapita katikati ya mataruma na kudondoka barabarani. Wapita njia wanalowa, ndiyo, lakini chuma kinapata upepo na kukauka. Ndiyo sababu sehemu kubwa ya muundo ule, hata inayoonekana chakavu, bado ina unene wake. Panapooza ni pale maji yanapotuama: juu ya mikono ya mihimili penye vumbi na kinyesi cha njiwa, ndani ya viungo, na mguuni. Mguuni ndiko kubaya zaidi, kwa kuwa Chicago humwaga chumvi barabarani majira ya baridi ili barafu iyeyuke, na magari huirusha hiyo chumvi kwenye nguzo. Tanga hakuna barafu, ila upepo wa bahari unaleta chumvi hiyo hiyo mwaka mzima, bure.

Tazama kiungo kimoja kwa karibu. Vyuma vya zama zile viliungwa kwa ribiti, yaani pini za chuma zilizopondwa vichwa pande zote mbili, bamba juu ya bamba. Maji ya chumvi yakipenya kati ya mabamba mawili, kutu inazaliwa humo ndani, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, mara kadhaa. Haina pa kwenda, basi inasukuma. Utaona ukingo wa bamba umejikunja kama ukurasa wa kitabu kilicholowa, kati ya ribiti na ribiti, na mara nyingine kichwa cha ribiti kimekatika. Kipake rangi kiungo hicho kitapendeza kwa miezi sita, huku ndani kazi inaendelea.

Nakuja kwenye zege la fundi wako. Watu wengi wanaamini zege hulinda chuma. Zege zuri, lililoshindiliwa vizuri na lisilo na chumvi, kweli hulinda chuma kilichozama ndani yake. Lakini pale chuma kinapotokeza juu ya zege hubaki ufa mwembamba kama unywele, kwa sababu zege hunywea likikauka, na chuma hutanuka na kusinyaa kwa jua la kila siku. Maji yanakaa ndani ya ufa huo. Ukimwaga zege juu ya kutu iliyopo umeifungia chumvi humo, na umejenga kikombe cha kuikusanyia maji. Mchanga wa zege ukiwa ni wa ufukweni ambao haukuoshwa, basi chumvi imetiwa kwa makusudi. Baya zaidi, umeificha sehemu pekee ambayo mkaguzi angehitaji kuiona. Fundi anayekwambia "haitaonekana tena" anasema kweli kabisa, na hilo ndilo tatizo.

Hesabu yenyewe ni fupi. Bamba la milimita 6 likiliwa milimita 1 kila upande limebaki na 4: theluthi moja imekwenda. Maji ya tenki lako yakijaa ni tani 5, yaani tani moja na robo kwa kila mguu ikiwa minne na hakuna upepo. Upepo ukivuma, miguu ya upande mmoja hubeba zaidi. Mguu uliokonda hauinami polepole ukupe onyo. Hujikunja ghafla, na mnara mzima unafuata.

Kinachotakiwa ni hiki. Kwanza tenki litolewe maji yote, na watoto wasicheze chini yake. Miguu ichimbuliwe mpaka sentimita 30 chini ya usawa wa ardhi, zege la zamani livunjwe taratibu. Kutu igongwe kwa nyundo: mlio mkavu wa kengele ni dalili njema, mlio mzito au magamba yanayoanguka ni dalili ya chuma kilichokwisha. Kisha unene upimwe, kwa kalipa au kwa kipimo cha mawimbi ya sauti, ulinganishwe na sehemu ya juu ambayo haijaliwa. Ikiwa miguu ni mabomba ya mraba, msidanganywe na uso wa nje, kwani bomba lisilozibwa juu huingiza maji na kuoza kutokea ndani. Kipimo cha mawimbi ndicho kitakachosema.

Mguu ulioliwa sana hukatwa na kuwekwa kipande kipya, na mnara unaegemezwa kwanza. Kuna mafundi wanaochomelea bamba juu ya tundu huku tenki limejaa. Chuma kikipata moto wa kuchomelea kinapoteza nguvu papo hapo, na mzigo bado uko juu yake. Kwenye vyuma vya miaka ya 1890 kuna hatari nyingine: vingi vina salfa na fosfori nyingi kuliko vya leo, na vinaweza kupasuka kando ya weldi. Kwa hiyo kwenye miundo ya umri huo ribiti mbovu kwa kawaida hubadilishwa kwa bolti za nguvu, moja baada ya nyingine, bila kuchomelea.

Rangi ndiyo inafuata sasa, na hapa pia mpangilio ndio kazi. Chuma kioshwe kwa maji ya bomba yasiyo na chumvi kabla ya grenda kugusa chochote, maana grenda inaikandamiza chumvi ndani ya vishimo. Kisha kisuguliwe mpaka king'ae, ikiwezekana kwa kupuliza mchanga maalumu. Praima, yaani rangi ya kwanza, ya epoksi yenye zinki ipakwe siku hiyo hiyo, ndani ya saa chache, la sivyo hewa ya pwani itarudisha kutu mbele ya macho yenu. Unyevu wa hewa ukizidi asilimia 85, acheni mpaka kesho. Kingo, vichwa vya bolti na weldi zipakwe kwanza kwa brashi peke yake, kwa kuwa rangi hukimbia kwenye ncha kali. Halafu epoksi ya kati, na juu poliyurethani, kwani epoksi ikiachwa juani inachujuka na kuwa unga. Unene wa jumla uwe karibu maikroni 280, yaani kama robo ya milimita. Dawa ya kubadilisha kutu inafaa kwenye kutu nyembamba ya geti. Kwenye magamba yenye chumvi ni pesa iliyomwagwa.

Kama rangi ya zamani ina madini ya risasi, ambayo ilitumika sana kwenye miundo ya chuma ya zamani, isisuguliwe kikavu bila kinga. Vumbi lake hudhuru ubongo wa watoto.

Na haya si ya tenki lako peke yake. Ngazi za nje za nyumba za kupanga, nguzo za mabango ya matangazo, vibanda vya mabati juu ya paa, madaraja ya waenda kwa miguu: kote pwani nguzo zinatumbukizwa kwenye zege kama miti ya uzio. Nguzo mpya iwekwe juu ya bamba la kitako, lifungwe kwa bolti nne juu ya msingi uliopanda angalau sentimita 15 kutoka ardhini, na uso wa msingi uwe na mteremko wa kumwaga maji nje. Fundi akikuambia bamba la kitako ni gharama ya bure, tafuta mwingine. Miguu ya mnara wenu ikishafunguliwa, mdogo wako apige picha kila mguu pamoja na kalipa ikionyesha unene, anitumie kabla hamjanunua rangi yoyote.